Jina Lisilokuwemo Ubaoni

Kila siku akitoka shule, Redio alipitia ofisi za halmashauri kumsubiri baba yake. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu alisoma kwa sauti kila andiko alilokutana nalo, hata karatasi ya kufungia sabuni. Baba yake alikuwa wakala wa kodi ya majengo. Aliwajazia wenye nyumba fomu, na mtu akiona nyumba yake imekadiriwa kupita kiasi, alimwandikia rufaa. Kutwa nzima alipanda na kushuka ngazi, kutoka dirisha hili hadi lile. Jioni alikula kimya, akasinzia kitini hata viatu hajavua.

Mwaka huo matapeli waliojiita mawakala walikuwa wamewaliza watu wengi. Halmashauri ikaagiza mawakala wote wajisajili, na majina yao yabandikwe kwenye ubao wa ukumbini kila mtu ayaone. Baba alisema angejisajili wiki ijayo. Wiki zikapita, ikawa miezi mitatu. Foleni ilikuwa ndefu naye alikuwa amechoka, na makarani, alisema, walimjua tangu zamani.

Jumatano moja Redio alimkuta ukumbini fundi cherehani wa mtaani kwao, uso wake karibu uguse ubao. Macho yalikuwa yamemwishia kwenye tundu la sindano. Nyumba yake ilikuwa imekadiriwa kama duka, eti kwa sababu ya cherehani moja iliyokaa barazani, na mwisho wa kupeleka rufaa ulikuwa Ijumaa.

"Nisomee, mwanangu," alisema. "Jina la baba yako limo? Nataka nimkabidhi hati ya nyumba."

Redio alipitisha macho toka juu hadi chini, akarudia. Jina halikuwemo. Chini kabisa paliandikwa kwamba rufaa ya wakala asiyesajiliwa haitapokelewa tena. Aliona aibu.

"Limo, mama," alijibu.

Fundi alimshukuru, akaenda kumwachia baba hati yake.

Kesho yake darasani Redio hakunyoosha mkono hata mara moja. Aliporudi nyumbani alimkuta baba mezani, anaiandika rufaa ya fundi. Akasimama kando yake, akamweleza yote, pamoja na yale maandishi ya chini ambayo baba hakuwahi kuyasoma.

Baba aliweka kalamu. Alijisugua macho.

"Umekosa," alisema. "Lakini aliyekufikisha hapo ni mimi. Vaa viatu twende."

Walimkuta fundi barazani akikunja vitambaa. Baba alimrudishia hati, akamwomba radhi. Redio naye aliomba radhi, macho chini. Fundi hakufoka. Alimtazama kwa uchovu wa mtu ambaye amehangaishwa mwezi mzima.

"Kwamba baba yako ni mwaminifu, hilo nalijua," alisema. "Mimi sikukuuliza hilo. Nilikuuliza kama jina limo, kwa sababu nyumba hii ndiyo kila kitu nilicho nacho."

Asubuhi ya Ijumaa baba alimpeleka fundi kwa wakala mwingine aliyekuwemo kwenye orodha, akampa na karatasi alizokwisha kuziandika. Rufaa ilipokelewa dirisha likikaribia kufungwa. Malipo yote aliyachukua wakala yule. Jumatatu baba alipanga foleni ya usajili, na Jumanne, na Jumatano, akiwa na picha na vyeti vyake. Mwezi uliofuata karani alibandika orodha mpya. Jina la baba lilikuwa la mwisho.

Siku hiyo Redio na baba yake walirudi nyumbani taratibu kwa miguu, kwa sababu baba hakuwa na nguvu ya kuharakisha.

"Niliona orodha ile ni usumbufu kwangu," alimwambia. "Kumbe haikuwekwa kwa ajili yangu. Imewekwa kwa ajili ya mtu asiyenijua, apate kujua anamkabidhi nani nyumba yake. Mtu akikuuliza, mwambie kilichoandikwa, hata kama kinamwaibisha baba yako."