Siku Baba Mkwe Alipotokea Kwenye Filamu Yangu

"Njoo ulale, mume wangu... kitanda kimekuwa baridi."

Hiyo ni sauti yangu. Inatoka kwa TV.

Mimi mwenyewe nimekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwenye stoo ya duka la Pankaj hapo Kisii town. Ni mwaka wa 1994. Watu wamejaa hadi wengine wamekalia magunia ya sukari. Mama yangu yuko kando yangu na leso yake ya kanisa.

Kwa TV nimelala, nimevaa kamisi tu, nimenyoosha mkono.

Picha ikabadilika. Akatokea mume wangu wa filamu. Kumbe ni mzee ninayemjua! Akavua koti, akalitundika ukutani.

"Nimechoka leo," akasema. "Songa kidogo."

Vichwa vikaanza kugeuka, huku na huku...

Wasomaji wangu, yule mzee alikuwa Mzee Manasseh. Baba yake Ombui. Na Ombui ndiye alikuwa anioe Desemba hiyo. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshafika kwetu Nyansiongo, na mama alikuwa ameshaanza kuwapa majina.

Na Mzee Manasseh alikuwa hapo hapo, mstari wa mbele, kofia iko kwa magoti, anajitazama.

Kama wewe si Mkisii, ngoja nikueleze. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni ile heshima na aibu kati ya mtu na mkwe wake. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Hata maneno ya kitanda hayatajwi mkiwa mahali pamoja. Sasa mimi nimemwita mume, nikiwa na kamisi, mbele ya wazee wa kanisa lake.

Mzee akasimama. Hakugeuka nyuma.

"Huyo msichana si wa boma langu," akasema.

Akatoka.

Mama akajifunika uso kwa ile leso. Nikamtafuta Ombui kwa macho. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mtaniuliza, kwani hukujua unaigiza na nani? Haki sikujua. Na hapo ndipo mnapaswa kumfahamu Masese.

Masese alikuwa kijana wa kule Tabaka, mchongaji wa mawe kama baba yake. Akaacha mawe, akaenda kwa Pankaj, ambaye kando ya duka alikuwa na studio ya picha na ile kamera kubwa ya kubeba begani. Pankaj akawa anamtuma kurekodi harusi.

Wueh, hizo harusi. Watu walikuwa wanakuja kuchukua kanda, wanapata bibi harusi ameonekana mara moja tu. Kanda yote ni mikono ya wapishi, shangazi analia nyuma ya nyumba, na mbuzi anatafuna ua la kanisa.

"Huyu anaharibu jina langu," Pankaj alikuwa anasema. Lakini hakumfukuza. Usiku anafunga duka na anakaa kuziangalia hizo kanda yeye na mke wake.

Masese alipoanza kutengeneza filamu, alikuwa na sheria moja. Waigizaji wasionane.

"Ukimwona mwenzako, unaanza kuigiza," alikuwa anasema. "Usipomwona, unasema ukweli."

Sasa mahali pa mwenzako alikuwa anakuwekea kichwa cha jiwe, kile alichochonga mwenyewe. Hakina macho, hakina mdomo, hakina masikio. Hadithi yetu ilikuwa ya msichana anayeozwa kwa mzee. Nikalala kwa kitanda cha kukodisha, nikaongea na jiwe, nikalia machozi ya kweli. Nilijua jiwe litakuwa mzee fulani. Sikujua ni yupi.

Siku ile ya aibu nilimfuata Masese nyuma ya duka.

"Ulijua ni baba mkwe wangu?"

"Nilijua."

"Na bado ukaniweka naye?"

"Ombui aliniambia mmekubali wote. Na ule uso wa mzee, Nyamoita... hiyo sura ndiyo filamu yenyewe."

"Na chinsoni je?"

"Kamera haina chinsoni," akasema.

Nilimtemea mate kwenye viatu. Sijutii.

Ng'ombe walirudishwa. Walewale, na majina yao.

Nilianza kuteka maji saa sita mchana, jua kali, ndio nisikutane na mtu. Kanisani nikaacha kwenda. Kwa posho mill, tukienda kusaga mahindi, wasichana walikuwa wananipisha kwa foleni na kuambiana, "Songa kidogo," halafu wanaangua kicheko. Mama hakuwahi kunigombeza, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Alikuwa ananiwekea chakula na kuangalia kando. Niliona aibu hata ya kukohoa kwa nyumba yetu.

Halafu kabla mahindi hayajakomaa, tukasikia Ombui ameleta msichana wa Nakuru nyumbani. Ana mimba kubwa.

Nikajiambia, basi. Amejiliwaza haraka.

Jumapili iliyofuata Masese akaja kwetu. Nikamfungia mlango. Akaongea akiwa nje.

"Nyamoita, mzee anataka uje kwa Pankaj leo mchana."

"Mzee gani?"

"Manasseh. Ameita watu walewale. Amesema lazima wawe walewale."

"Anataka kunimaliza kabisa?"

"Njoo uone. Mimi sina ruhusa ya kusema."

Nilikataa. Ni mama aliyechukua leso yake.

"Twende," akasema. "Tayari wametucheka. Wataongeza nini?"

Stoo ilikuwa imejaa. Nikakaa palepale karibu na mlango, kichwa chini. Pankaj akawasha TV.

Akatokea Mzee Manasseh peke yake. Mezani mbele yake kuna kile kichwa cha jiwe.

Akakitazama. Akaanza kuongea, na hakutumia Ekegusii, lugha yetu. Alitumia Kiswahili chake cha kanisa, kila mtu asikie, hata Pankaj.

"Masese ameniambia niongee na hili jiwe. Mtu haongei na mkwe wake mambo ya aibu. Lakini jiwe si mkwe."

Akakisogeza kile kichwa karibu.

"Siku ile ya kamera, mwanangu Ombui alinidanganya kwamba tunapigwa picha za kumbukumbu ya familia. Nilikuwa natoka shambani. Nikavua koti. Paka alikuwa amelala kwa kiti changu. Nikamwambia paka asonge."

Mtu mmoja akacheka, halafu akajifanya anakohoa.

"Ombui alijua. Alikuwa na msichana mwingine tayari, na aliogopa kuniambia. Akaona chinsoni itamvunjia hii harusi na yeye abaki msafi. Amekubali kosa mbele yangu na mama yake."

Jameni! Kumbe yule aliyekuwa anaangalia viatu...

"Na mimi nikasimama mbele ya watu, nikamkataa mtoto wa wenyewe bila kumuuliza neno," mzee akaendelea. Hapo akavua kofia. "Nyamoita, hii aibu si yako. Ni ya boma langu. Nimekuja kuichukua."

Kanda ikaisha. Mama alikuwa analia na uso wake uko wazi.

Nikainua kichwa kumtafuta mzee mstari wa mbele. Hakuwepo.

"Ako nje," Pankaj akaninong'oneza.

Nikatoka. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, ametupa mgongo, kofia mkononi, anaangalia ukuta wa duka la viatu. Hakutaka macho yetu yakutane. Alikuwa ananiheshimu bado, ingawa sikuwa mkwe wake tena.

Mimi pia sikumwendea. Kulikuwa na mlingoti wa nyaya za stima hapo. Nikausogelea nikauambia kwa sauti, asikie:

"Asante, baba. Nimesikia."

Mzee akaitikia kwa kichwa, bado anatazama ukuta. Akavaa kofia, akaenda zake.

Masese niliigiza naye tena baadaye, lakini nilimwambia kwanza nitajiwe jiwe litakuwa nani. Alikubali. Yeye mwenyewe hakuwahi kuniomba msamaha kwa mdomo. Ila siku moja nilikuta kile kichwa kimewekwa mlangoni kwetu, na kimechongwa masikio.

Dada zangu, ndugu zangu, aibu ina mwenyewe. Kabla hujajifunika uso, uliza kwanza ni ya nani. Mimi nilibeba ya Ombui msimu mzima, na yeye alikuwa anatembea mikono mitupu.