Mashine Ilimwitikia Faiza

Uvumi uliingia Taveta Jumatatu asubuhi, mdomoni mwa Bi Mwanaesha jirani, aliyekuwa ametoka Voi kumwona dadake: ati Waleed anaoa. Mamake Waleed ameonekana akinunua doti za leso na mkufu, na bibi harusi ni binti ya mjombake. Faiza alicheka aliposikia. Akaosha vyombo akicheka. Kufika adhuhuri alikuwa ameunguza wali, na maneno yale yamemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Mama, watu wa Voi hawana kazi."

"Hawana," mamake akajibu, asimtazame. "Lakini baba yako amewaambia watu wa Alwi, waliokuja kukuposa, waje Ijumaa wapate jibu. Kama huyo Waleed ana neno, alilete."

Faiza na Waleed walijuana mwaka wa tisini na saba, siku ya soko, nyanya na ndizi zimemwagwa mpaka njiani. Faiza, buibui jeusi na ushungi wa zambarau, alikuwa akikimbilia kazini alipomwona kijana mrefu, shati jeupe limeloa jasho, amekumbatia sanduku katikati ya akina mama wa vitunguu.

"Kaka, televisheni hiyo bei gani?"

"Si televisheni, dada. Ni kompyuta, na haiuzwi."

"Na mwenyewe je, anauzwa?" akadakia muuza vitunguu mmoja. Faiza akaziba mdomo kwa ushungi, lakini macho yalikuwa yameshacheka.

Kumbe walikuwa wakienda ofisi moja. Kampuni ya malori ya nafaka alikofanya kazi Faiza ilikuwa na ofisi Voi, Taveta na Njukini, na Waleed ndiye aliyeiandikia programu ya kupokea ujumbe. Ilikuwa hivi: mashine kubwa ya Mombasa ilishika ujumbe wa kila ofisi. Kompyuta ya ofisi ilipiga simu yenyewe, ikachukua ujumbe wake, ikauandika ndani, ikautoa kwa karatasi, kisha ikajibu "imepokelewa." Mombasa ikisikia hivyo, inaufuta. Isiposikia, inautuma tena.

Mwaka mzima kazi ilikwenda vizuri, na mapenzi pia. Kila saa nne ya chai simu ililia, Waleed akipiga kutoka ofisi ya Voi.

"Taveta, hujambo?"

"Kanywe chai, wewe. Mkubwa yuko hapa."

"Karibu?"

"Ananitazama kama ninamwibia."

"Basi sema 'magunia mia,' nijue unanipenda."

"Ndiyo," akasema Faiza kwa sauti ya kazi kabisa. "Magunia mia."

Kisha siku moja laini ilikatika kabla jibu la Njukini halijafika Mombasa. Ujumbe ukaja mara ya pili, na malori mawili yakaenda kupakia mahindi ya lori moja. Mkubwa akafoka mbele ya watu. Waleed, kwa kuona haya, akaigeuza programu katika ofisi zote: ikawa inajibu "imepokelewa" kwanza, ndipo iandike. Ujumbe haukuja tena mara mbili.

Faiza ndiye aliyeona.

"Waleed, mbona inasema imepokea na karatasi haijatoka? Stima ikipotea hapo katikati?"

"Ni sekunde tatu tu, kipenzi. Una wasiwasi kama mamangu."

Sasa Jumanne ile, uvumi bado kooni, Faiza alipiga simu Voi. Akashika Donald, karani.

"Waleed ametoka kidogo. Nimwambie nini?"

Angemwambia nini Donald? Akakaa kwenye kompyuta akaandika: "Waleed, nimesikia unaoa. Kama si kweli nijibu kabla ya Ijumaa. Watu wa Alwi wanakuja kwa baba. Nakungoja wewe. Faiza." Saa nane na dakika kumi kioo kikamjibu: Voi, imepokelewa.

Dakika ile ile Voi stima ilipotea. Ujumbe ulikuwa umeitikiwa lakini haujaandikwa popote, na Mombasa ilikuwa imeshaufuta. Stima iliporudi Donald akawasha kompyuta, nayo ikaamka haijui lolote.

Jumatano, kimya. Alhamisi saa nne, simu.

"Faiza wangu! Mbona sauti imepoa?"

"Una neno la kuniambia, Waleed?"

"Ninalo, kubwa! Lakini mpaka Jumapili."

"Jumapili?"

"Subiri tu, roho yangu. Utafurahi."

Faiza aliutazama mkono wa simu. Mtu amesoma kwamba mwisho ni Ijumaa, naye anasema Jumapili huku anacheka.

"Haya," akasema. "Kwaheri."

Ijumaa baba alipomwuliza, Faiza alisema ndiyo huku amegeukia ukuta, na siku hiyo hiyo, baada ya alasiri, akafungishwa nikaha na Alwi. Alwi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa zito.

Jumapili Waleed akafika na mamake na shangazi yake, sinia limefunikwa kitambaa, ndani leso na ule mkufu. Walikuwa wamekuja kumposa Faiza. Walikuta masufuria ya pilau ya harusi yakisuguliwa uani.

Jumatatu Faiza alikwenda ofisini kuaga kazi na kurudisha funguo, hina ingali mbichi mikononi. Waleed alikuwa pale, na shati la jana.

"Ulisoma, ukaniambia Jumapili," Faiza akasema.

"Nilisoma nini?"

Akamgeuzia kioo. Waleed akasoma, akaangalia saa iliyoandikwa, akampigia Donald.

"Jumanne stima ilipotea saa ngapi?"

"Saa nane na dakika kumi. Najua, nilikuwa nimetoka kutazama saa."

Akaiweka simu polepole.

"Haikunifikia, Faiza."

"Ilisema umepokea."

"Niliiambia mimi iseme hivyo." Akakitazama kioo tena. "Lakini si ungeniuliza tu kwenye simu!"

"Niliuliza una neno. Na siku ile niliyokuuliza habari ya stima, ulinijibu nini?"

Faiza akavuta kiti.

"Itengeneze. Wako wengine watakaoandika."

Akaitengeneza mpaka adhuhuri. Kila ujumbe ukapewa nambari. Kompyuta iandike kwanza, ijibu mwisho. Nambari ikirudi, itambue na isiifanyie kazi mara ya pili. Walipojaribu, Faiza mwenyewe alichomoa waya wa stima ujumbe ukiwa katikati. Wakauchomeka tena. Wakangoja, mabega karibu, hawagusani. Printa ikalia, karatasi ikatoka.

"Umekuja," akasema Waleed.

Faiza aliweka funguo mezani. Nje Alwi alikuwa akimngoja garini, na hakupiga honi.

Ya kuepuka:

Usiseme umepokea kabla hujaandika na kumaliza kazi.

Usiogope ujumbe kuja mara mbili. Upe nambari, utaujua. Uliopotea hutaujua kamwe.

Ujumbe ukikushinda kusoma usiutupe. Uweke kando, watu wauone.

Usitegemee stima wala laini.

Usimcheke anayeuliza.

Usichukue jibu la mashine kuwa jibu la mtu.

Usimfiche jambo jema anayekungoja.

Na wewe mzazi, binti akisema ndiyo huku amegeukia ukuta, usiihesabu kuwa ndiyo.