Kompyuta ya Marehemu Valerian

Nilifika Mazinde jua likizama nyuma ya mkonge, nimechoka hadi macho. Nilikuwa nimefuata kompyuta.

Msinicheke. Sauti ya marehemu mama yangu akiimba nyimbo za Kizigua ilibaki kwenye simu moja tu, na simu yenyewe ilikuwa inakata roho. Nilitaka seva ndogo ya nyumbani, niiwekee mfumo wa Linux, ndugu zangu wote popote walipo wamsikilize. Nilishahangaika sana. Kompyuta mpakato ya mtumba ilichemka ikafa. Ile kubwa ya mezani ilimaliza umeme wa Luku hadi mke wangu akanuna. Nyingine iliyotumia memori kadi ilipoteza kila kitu umeme ulipokatika. Safari hii nilitaka kitu cha bei nafuu, kilichotulia.

Mjane mmoja, Raheli, alikuwa anauza kompyuta ya mumewe Valerian, fundi redio. Ndogo kama Biblia, haina feni, haili umeme.

Uani mikeka ya msiba ilikuwa bado imetandikwa.

"Shikamoo bibi. Poleni na msiba," nilimwambia mama yake marehemu, aliyekaa mlangoni.

"Marahaba, mwanangu." Akanishika mkono, akanong'ona. "Usiichukue leo. Tanga halijaanuliwa. Bado ni yake."

Nilijua. Kwetu hata mtoto anajua. Kabla ya kuanua tanga, yaani kufunga msiba, na kugawa vitu, hata kandambili za marehemu haziondoki. Lakini nilikuwa nimechoka, na simu ilikuwa imezima tena njiani.

"Mwache aende nayo, mama," Raheli alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sijalala tangu tumzike. Mashine hiyo haizimi."

Nilifurahi, jamani. Nilidhani anaisifia.

Nyumbani Korogwe nilifuta diski yote, nikaweka Linux upya, nikahamishia nyimbo za mama. Simu ikafa palepale. Haikuwaka tena.

Kesho yake jioni umeme ulikatika mtaa mzima.

Taa ya kijani ya kompyuta iliendelea kuwaka...

Niliufuata waya kwa vidole. Nikauchomoa ukutani.

Iliendelea kuwaka.

Ikaja harufu ya risasi ya kulehemu, ile ya meza za mafundi. Kisha kikohozi. Kikavu, cha mwanamume, ndani ya spika. Halafu mama akaanza kuimba, na katikati ya wimbo akanyamaza, mahali ambapo hakuwahi kunyamaza.

"Karibu, fundi," mama alimwambia mwenye kikohozi. "Umefuata chako?"

Nililia kama mtoto.

Juzi tanga lilianuliwa Mazinde. Raheli alinipigia kwenye simu ya mke wangu, sauti yake nyepesi. Siku hizi analala. Bibi anataka nirudishe kompyuta, mwanawe apumzike. Najua ndivyo inavyopasa. Lakini nimejaribu kuzinakili nyimbo kwingine, na kila faili linatoa kikohozi tu. Nikiirudisha, mama anaondoka nayo.

Nikikaa nayo, kila jioni anaimba pungufu. Jana aliishia ubeti wa kwanza.

Leo nimekaa mbele yake tangu magharibi. Taa inawaka. Fundi ameshakohoa...

Mama bado hajaanza.