Maji ya Kwanza ya Managu

Nekesa alikuwa akichuma managu, mboga ya mnavu, nyuma ya jikoni, yale majani machanga ya juu tu. Mumewe, Sifuna, ambaye majirani walimwita Baba Nabwile kwa jina la mtoto wao, alikaa kwenye kigoda akivuta sigara. Macho yake yalikuwa ya manjano kama mafuta ya kupikia.

Kwao Bungoma, managu huchemshwa, na maji ya kwanza humwagwa kwa sababu ni machungu. Sifuna alikataa yasimwagwe.

"Weka kwa kikombe," alisema. "Hayo ndiyo yanaosha ini. Moshi ukiingia, managu inautoa."

Akivuta, anakunywa. Akivuta tena, anakunywa tena. Hivyo mwaka mzima.

Daktari wa Kitale alikuwa amemwambia ana homa ya ini ya muda mrefu, na ini limeanza kupata makovu. Alimpa dawa, akamwambia aache sigara. Dawa alimeza. Sigara hakuacha; moshi wake aliuachia managu.

Siku hiyo akaja Rosaline, jirani yao, mhudumu wa afya wa kijiji. Akatazama macho yale, kisha kikombe.

"Shemeji, hii unakunywa ni nini?"

"Dawa ya moshi. Ati wewe hujui?"

"Najua managu ni mboga nzuri. Ina vitu vinavyosaidia mwili kujilinda. Wataalamu wanaviita antioksidanti. Sukuma wiki, terere, mapera, vyote vinavyo. Lakini hakuna mboga ya kufuta sigara."

"Si umesema inalinda?"

"Inasaidia. Sasa Nekesa akifagia na wewe unamwaga majivu nyuma yake, jikoni patakuwa safi saa ngapi? Sumu ya moshi haibaki kifuani, Baba Nabwile. Inaingia kwenye damu, inafika kwenye ini. Lako ni gonjwa tayari, na wewe bado unalipiga. Hayo maji machungu mwageni kama zamani. Kula majani, meza dawa, wacha sigara."

Sifuna alicheka. Hakuna aliyecheka naye.

"Nimechoka kukupikia nikikuona ukiisha," Nekesa alisema, polepole sana.

Sifuna akaacha sigara, lakini kwa taabu. Aligombana na kila mtu, hata kuku. Rosaline alimpeleka kliniki, akapewa ushauri wa kuvumilia ile hamu.

Kisha rafiki mmoja wa Sifuna akafa. Kwenye matanga wanaume waliota moto, sigara zikipita mkono kwa mkono.

"Shika moja, bana!"

"Nimewacha."

"Aa! Mama Nabwile amekufunga kamba?"

"Ini ndilo limenifunga."

Walimcheka. Koo lilikuwa linamwasha kwa hamu. Akainuka, akaenda kukaa na wanawake waliokuwa wakichambua mboga za terere, akachambua nao. Wanaume wakamwita "mama". Hakugeuka.

Baada ya miezi kadhaa walirudi Kitale, ini likapimwa tena. Daktari alitazama picha ya ini kwa muda mrefu.

"Makovu yako palepale," alisema.

Nekesa alishika ukingo wa kiti.

"Hayajaongezeka. Na macho yamesafika."

"Yale ya zamani yatatoka?" Sifuna aliuliza.

"Siwezi kukuahidi. Mengine huenda yakabaki. Endelea na dawa, kula mboga zako, na sigara usiirudie kamwe."

Nje, karibu na lango, Sifuna alisimama.

"Hayajaongezeka," alisema. Kisha akalia, mtu mzima, watu wakipita. Nekesa akampokea mfuko wa dawa, akamngoja amalize.