Kiharakishi cha Dokta Nyanjige

Ndani ya tungi la kioo, kipande cha titi la binadamu kilikuwa kikizeeka mwaka mmoja kila baada ya saa nane. Mashine iliyokizeesha iliitwa kiharakishi. Ilichukua punje ya tishu ya mwanamke, ikaiotesha katika majimaji ya uvuguvugu na kuipitisha miaka thelathini kwa siku kumi. Uvimbe ukitokea tunguni, wapasuaji waliondoa matiti ya mwenyewe kabla ugonjwa haujamfikia.

Dokta Nyanjige Maduhu alikuwa ametumia miaka ishirini na sita kuchunguza jinsi seli moja ya titi inavyoharibika hadi kuwa saratani. Kiharakishi ndicho kilichompa jina Mwanza nzima.

Asubuhi hiyo aliinamia darubini, akainuka, akainama tena. Uvimbe ulikuwepo.

"Luhende, hebu njoo uone."

Luhende, mhandisi aliyeunda mashine pamoja naye, alitazama. "Saratani. Ya nani?"

"Ya Bi Mbuke. Tishu ilichukuliwa akiwa na miaka arobaini, ikagandishwa. Kiharakishi kinasema aliugua akiwa na hamsini na tatu."

"Maskini. Alifariki lini?"

"Hajafariki. Ana themanini na nne. Nimempima Jumatatu, analalamikia magoti tu."

Nyanjige alimwonyesha matungi mengine matano, yenye tishu za wanawake waliozeeka bila saratani. Manne yalikuwa na uvimbe.

"Labda zimeharibikia kwenye jokofu."

"Nimeyeyusha vipande vingine vya hao hao bila kuviharakisha. Ni safi. Seli ikijigawa inahitaji muda wa kurekebisha makosa yake. Sisi tunaikimbiza. Uvimbe tunauotesha wenyewe, Luhende."

"Lakini tulikijaribu! Kiligundua wagonjwa wote!"

"Wagonjwa, ndiyo. Hatukukijaribu kwa wazima waliozeeka."

Luhende alishika ukingo wa meza. "Wanawake elfu tatu tumeshawapasua, Dokta."

"Leo anapasuliwa nani?"

"Mmoja. Saa tano."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika sita.

Nyanjige alikimbia. Hakukumbuka mara ya mwisho kukimbia ilikuwa lini. Kwenye chumba cha upasuaji, mwanamke wa miaka kama thelathini alikuwa amelala usingizi wa dawa, kifua kimechorwa mistari ya wino. Mkono wa roboti ya upasuaji ulikuwa tayari juu yake, kisu chembamba kikishuka taratibu.

"Zima!"

"Dokta, tumeshaanza..." muuguzi alisema.

"Zima, nimesema!" Akabonyeza mwenyewe kitufe cha mtambo, na kisu kikasimama upana wa kidole kutoka kwenye ngozi. Akaegemea ukuta. Hofu haikuondoka. Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu kila alipofumba macho alimwona mwanawe Kabula akiwa juu ya kitanda kile kile, mwaka juzi, na yeye mwenyewe amemshika mkono akimwambia, "Usiogope, mimi nipo."

Hakupitia ofisini. Alikwenda moja kwa moja kwa Kabula, akamkuta kibarazani anamnywesha mtoto wa miezi minne kwa chupa.

"Mayu, mbona saa hizi, bila hata simu?" Kisha akauona uso wa mama yake. "Saratani imenipata?"

"Hapana, mwanangu."

"Basi nini? Unanitisha."

Nyanjige alisimulia akiwa amesimama, kwa maneno machache, bila kujitetea. Mtoto aliendelea kunyonya chupa. Mama yake alipomaliza, Kabula aliiweka chupa chini, akamlaza mtoto begani.

"Kwa hiyo nilikuwa mzima?"

"Sijui. Huenda ungeugua kweli. Huenda usingeugua. Hakuna atakayejua tena."

"Na wenzangu?"

"Hivyo hivyo."

"Umeshawaambia?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Nyanjige alinyoosha mikono ili ampokee mjukuu wake, kama alivyozoea. Kabula alimhamishia mtoto bega la pili, mbali naye.

"Nenda ukawaambie," alisema kwa sauti ya chini. "Wote, mmoja mmoja, uso kwa uso kama mimi. Ukimaliza ndipo uje umshike."