Barua Iliyosema Baba Hajambo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Bosibori alichukua kapu akamsaidia baba yake kuchuma majani chai katika shamba lao karibu na Ikonge. Baba yake, Thadeus, alikuwa mwanajeshi. Mwaka 1966, huko kaskazini mwa nchi, gari la kikosi chake lilikanyaga bomu, akapoteza mguu juu ya goti. Alipewa mguu wa bandia. Miaka mitatu baadaye mguu huo ulikuwa umepasuka, nao ulimchubua hata akachuma chai huku ameuma meno.

"Daktari alisemaje, Baba?"

"Nikiendelea nao, nitakatwa tena. Ndiyo maana tuliomba mwingine."

Barua ya maombi aliiandika Bosibori, maana baba yake hakujua kuandika. Jumatano hiyo jibu la ofisi ya serikali ya Kisii lilifika kupitia sanduku la posta la shule. Jioni alimsomea baba yake:

"Kwa kuwa umetueleza kwamba nyote ni wazima wa afya, na mguu unakusumbua kidogo tu, hatuoni haja ya kukupa mwingine. Tunakutakia kazi njema."

Thadeus alilitupa gongo lake la kutembelea uani. "Kazi njema! Waliponipeleka vitani nikiwa na miguu yangu miwili, waliuliza kama kuna haja?"

Bosibori aliwaka kwa hasira, na hasira nyingine ilikuwa juu yake mwenyewe. "Wazima wa afya" yalikuwa maneno yake. Ndivyo walivyofundishwa kuanza barua. "Kidogo" lilikuwa neno la baba. Kwao Abagusii, baba hamwonyeshi binti yake paja, wala hamsimulii kidonda kilicho hapo. Heshima hiyo huitwa chinsoni. Bosibori alipouliza aandike nini, baba alitazama kando, akasema, "Andika unanisumbua kidogo."

Alikimbia kwa jirani yao Onchiri, aliyepoteza mkono katika gari lile lile.

"Baba mdogo, tumewadanganya bila kukusudia!"

Onchiri alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi ni rika lake," alisema. "Mimi naweza kutazama."

Aliingia nyumbani kwa Thadeus. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Leta kalamu. Salamu leo hakuna! Andika: kidonda ni kipana kama kiganja changu hiki kilichobaki. Kinatoa usaha."

"Onchiri!" Thadeus alifoka kutoka ndani. "Unamwambia mtoto hayo?"

"Namwambia karani! Mtoto ni kalamu tu. Endelea, Bosibori. Andika pia kwamba askari mwenzetu Angwenyi wa Keumbu amepofuka macho yote mawili, na tangu arudi kutoka vitani hakuna ofisa aliyefika kwake kumjulia hali."

Jumatatu wanaume hao watatu walikwenda kwenye ofisi hiyo mjini Kisii, na Bosibori akaenda nao. Karani wa ofisi hakuinua hata kichwa.

"Acheni barua hapo. Mtajibiwa."

"Tulishajibiwa," Onchiri alisema. "Bosibori, soma. Kwa sauti."

Alimtazama baba yake, naye Thadeus akaitikia kwa kichwa. Bosibori akasoma yote, usaha na macho na mkono. Watu waliopanga foleni wakaanza kunung'unika. "Hawa ndio waliotulinda?" mama mmoja aliuliza. "Aibu!"

Ofisa mwenyewe alitoka chumbani mwake. Alimwomba Thadeus waingie faraghani, akakiona kidonda. Aliporudi aliandika majina yao matatu, na Onchiri hakuondoka mpaka alipopewa tarehe ya kila mmoja kupelekwa hospitalini.

Kabla ya shule kufungwa, Thadeus alirudi kutoka Nairobi, kidonda kimetibiwa, anatembea kwa mguu mpya. Hata hivyo hakucheka.

"Mwanangu," alisema, "nilidhani kunyamaza ni uanaume. Kumbe nilikuwa nawasaidia wanisahau. Chinsoni ibaki hapa nyumbani. Mbele ya serikali, sema jambo lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Aliyeumia kwa ajili ya nchi haombi msaada. Anadai haki yake, na akinyimwa, anarudi tena kesho."