Cheti Kilichobaki Ndani ya Printa

Namwomba Mungu, ajuaye yaliyo wazi na yaliyofunikwa, aulinde ulimi wangu usiongeze wala usipunguze. Mimi ni Bashige mwana wa Namegabe, wa upande wa Bukavu. Mapadre walinifunza Kilatini, na kwa miaka thelathini nimetunza habari za ubatizo katika parokia moja ya Murara, hapa Goma.

Vitabu vyetu vya zamani vilimezwa na lava. Kilichookoka ni programu kuukuu ya kompyuta, ambamo majina yote yalikuwa yamekwisha kuingizwa. Printa yake ya utepe ilikufa mwaka huu. Tukaletewa mpya, nayo haikuelewana na programu hata kidogo. Nikamwita Hilaire, fundi wa mtaa wa Mapendo.

Alifika Alhamisi, jua likishuka. Benchini walikuwa wameketi Mama Thérèse, mfanyabiashara wa Butembo, na mwanawe Kakule, aliyekuwa amuoe Rosine Jumamosi ile. Padre Aubin, paroko wetu, alikuwa amesema wazi: bila cheti cha ubatizo, hakuna ndoa.

Hilaire aliandika jina la Kakule na majina ya wazazi, akatuma. Taa ya printa ikapepesa.

Karatasi haikutoka.

"Muzee, hii programu na weye munafanana," akasema akitabasamu. "Munasema mingi, lakini hamuseme mwisho. Printa ya zamani ilikuwa inaandika mustari kwa mustari. Hii ya sasa inangojea iambiwe 'nimemaliza', njo iteme karatasi. Nitatuma tena. Ya nyuma itasukuma ya mbele."

Akatuma tena. Mashine ikaguna... ikatoa karatasi moja, ya moto. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikaenea ofisini.

Ni desturi yetu kusoma kila cheti kwa sauti kabla ya kukigonga muhuri. Nikavaa miwani, nikasoma:

"Kasereka..."

Nikasita. Nimeishi na Wanande, kabila la Mama Thérèse, muda wa kutosha kujua kwamba majina yao huhesabu watoto. Mwana wa tatu ni Kasereka, wa nne ni Kakule. Mama Thérèse alikuwa akituambia sikuzote kwamba Kasereka wake alikufa mdogo. Lakini pembeni mwa cheti hiki, mahali pa kuandikia kifo, palikuwa peupe.

"Hilo jina sikulituma," Hilaire akanong'ona. "Labda imefuata majina ya wazazi."

"Mbona basi haikuwatoa wana wawili wa kwanza?" nikamuuliza.

Nilivitazama vidole vyake, nikidhani amenichezea. Printa ikatema karatasi ya pili, hali hakuna aliyeigusa. Ilikuwa ya Kakule. Pembeni paliandikwa: *Amefariki, mwenye miezi minane.*

Kakule huyo alikuwa benchini, akiifuta vumbi kofia yake.

Mama Thérèse hakuzitazama karatasi. Alitazama dirisha.

"Papa Bashige... ile jina, umelisoma kwa sauti?"

"Nimelisoma."

"Kwa nguvu?"

"Kama kawaida yangu, mama."

Akavuta kitenge chake mabegani. Akasema polepole, kama aungamaye. "Aliyekufa ni mudogo. Kitu kilikuwa kinakuja ku dirisha kila magaribi, kinaita Kasereka. Siku moja mutoto mudogo akalia, kama anajibu pa nafasi ya mukubwa wake. Asubuhi alikuwa baridi. Nikamuzika na jina la mukubwa wake. Na huyu nikamupatia la mudogo. Tangu hapo hakuna mutu amemuita jina lake."

"Mama, unasema nini?" kijana akauliza.

Sikumwamini mara moja. Nilijiuliza moyoni kama mwanamke awezaye kuzika mtoto kwa jina la mwingine hajui zaidi ya anayoyasema.

Ndipo kokoto za lava zikalia nje.

Hatua moja.

Nyingine.

"Kasereka..."

Ilikuwa sauti yangu. Lafudhi yangu ya Mashi, lugha ya kwetu, kikohozi changu cha mwisho wa neno. Kijana akaanza kusimama, midomo imefunguka... Mama yake akamziba kinywa kwa kitenge, akamrudisha benchini kwa uzito wake wote. Hilaire akachomoa waya wa umeme ukutani.

Hatua zikakoma. Hazikurudi nyuma, zilikoma tu.

Tulikaa hivyo hadi kengele ya sala.

"Andika Kakule, muzee," Mama Thérèse akanong'ona. "Futa tu kile kifo. Nani atajua?"

"Mama, Kanisa haliozeshi marehemu."

Nikagonga muhuri kwenye cheti cha Kasereka.

Jumamosi kanisa lilijaa. Padre Aubin akauliza, "Kasereka, unakubali kumpokea Rosine awe mke wako?" Kijana, kwa kutolizoea jina lake, alichelewa. Pumzi moja tu.

Katika pumzi ile, nyuma ya mlango uliofungwa wa sakristia, mtu akasema, "Ndiyo."

Kisha kijana naye akasema, "Ndiyo." Nilimtazama Rosine. Hakuwa akimtazama bwana harusi. Alikuwa akiutazama mlango, na alikuwa ametabasamu kidogo, kama mtu aliyejibiwa.

Ndoa ile bado haijaingia kitabuni. Padre Aubin huniuliza kila juma kwa nini. Namwambia wino umekauka. Sithubutu kumwambia kwamba sijui nimwandike nani, kati ya waliokubali, kuwa mume.

Nanyi mliotulia mkanisikiliza, Mwenyezi awafunike watoto wenu kwa mkono wake, ailinde milango ya nyumba zenu, na awajalie usingizi usiobishiwa hodi. Amina.